Margaret Rutherford: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Margaret Rutherford ni nani?

Ni mwigizaji Mwingereza, mzaliwa wa Balham, kusini mwa London, tarehe 11 Mei 1892. Alifariki tarehe 22 Mei 1972. Wengi wanamkumbuka kwa sura moja: bibi mnene mwenye mashavu yaliyoshuka, kidevu kilichotangulia mbele na joho lililotupwa mabegani, akimfuata muuaji kana kwamba amechelewa ibada ya Jumapili. Huyo ni Miss Marple, bibi mpelelezi wa vitabu vya Agatha Christie, wa filamu nne za miaka ya 1960. Ila alipoanza kuigiza nafasi hiyo alikuwa anakaribia miaka 70, na tayari alikuwa amefanya kazi jukwaani kwa miaka 35. Ukianzia hapo umeingia hadithi kwa mlango wa nyuma.

Mbona hakuwahi kuwa steringi?

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunamjua steringi: ndiye anayependwa, ndiye anayepigana, na hafi. Uingereza ya wakati wake ilikuwa na masteringi wake wa kike pia, nao walitakiwa wawe wembamba, wachanga na wenye nyuso za kupigwa picha. Rutherford hakuwa hivyo hata siku moja. Alikuwa kile ambacho watu wa maigizo humwita mwigizaji wa wahusika, yaani mtu anayepewa shangazi, mwalimu mkuu, jirani, mwita mizimu, au bibi mwenye hoteli. Nafasi yake ni dakika kumi, pengine ishirini. Steringi hubeba hadithi, na mwigizaji wa wahusika huleta watu wanaoishi ndani yake.

Kuna wanaodhani kazi hii ni ya waliokosa nafasi kubwa. Siamini hivyo. Kuwa na saa mbili za kumfanya mtazamaji akupende ni jambo moja. Kuwa na vipande vitatu tu, vya kufanya watu watoke ukumbini wakiuliza "yule mama ni nani?", ni ustadi mwingine kabisa, na Rutherford aliuweza kuliko karibu wote wa kizazi chake.

Ni kweli baba yake alimuua babu yake?

Ni kweli, na lazima isemwe kwa uangalifu, kwa sababu mitandaoni inasimuliwa kama kioja. Baba yake aliitwa William Rutherford Benn. Muda mfupi baada ya kuoa alipatwa na maradhi ya akili. Mwezi Machi 1883, huko Matlock, Derbyshire, alimuua baba yake mzazi, Mchungaji Julius Benn, kwa kumpiga na chungu cha haja cha usiku. Alipelekwa Broadmoor, hospitali ya wagonjwa wa akili waliotenda jinai. Miaka saba baadaye aliachiliwa, akarudi kwa mkewe Florence, na jina la Benn likaachwa. Margaret alizaliwa katika kipindi hicho cha utulivu.

Utulivu haukudumu. Familia ilihamia India, na mtoto akiwa na miaka 3 mama yake alijiua. Margaret alirudishwa Uingereza akalelewa Wimbledon na Bessie Nicholson, dada wa mama yake. Aliambiwa kwamba baba naye alikufa kwa majonzi. Alipofika miaka 12 akagundua kwamba baba yu hai, amerudishwa Broadmoor. Alibaki huko hadi kifo chake mwaka 1921.

Tangu siku hiyo Margaret aliishi na hofu kwamba ugonjwa ule utamfikia na yeye. Alipita vipindi vya huzuni nzito maisha yake yote, vingine vya kulazwa. Naandika haya kwa sababu moja: watu humtazama wakasema "mama wa watu, hana mawazo." Alikuwa nayo. Furaha unayoiona kwenye skrini aliichagua, tena kila jioni upya, mbele ya ukumbi uliojaa.

Je, ana undugu na mwanasiasa Tony Benn?

Ndiyo. Babu wa Tony Benn, Sir John Benn, alikuwa ndugu wa baba yake Margaret.

Kwa nini alianza akiwa na miaka 33?

Kwa sababu hakuwa na fedha ya kuanza mapema. Alikuwa mwalimu wa piano na wa usemaji, yaani wa kufundisha watoto wa watu kutamka maneno vizuri. Kazi ya heshima, yenye kipato kidogo, na kwa mwanamke asiyeolewa wa wakati ule ilionekana ndiyo mwisho wa safari. Bessie alipofariki alimwachia urithi mdogo. Margaret akautumia kuingia kwenye mafunzo ya Old Vic, jumba la maigizo la London, na mwaka 1925 akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza.

Hakuna aliyemshangilia. Alirudi kufundisha. Kisha akapata kazi za hapa na pale, Hammersmith na baadaye Oxford, katika vikundi vinavyobadilisha tamthilia wiki hadi wiki: unacheza hii usiku, unakariri nyingine mchana. Hiyo ndiyo shule iliyomtengeneza. Alifika West End, mtaa wa majumba makubwa ya maigizo London, mwaka 1933, na bado wahakiki walimpita kama hawajamwona. Sifa za kweli zilikuja mwishoni mwa muongo, kwanza kwa *Spring Meeting* ya 1938, kisha mwaka 1939 alipocheza Miss Prism katika *The Importance of Being Earnest* chini ya mwigizaji na mwongozaji John Gielgud. Alikuwa na miaka 46. Watu wanaouliza kama wamechelewa huwa nawatajia tarakimu hizi bila kuongeza neno.

Miss Prism ni nafasi ya namna gani?

Ni mwalimu wa nyumbani, mwanamke mkavu mwenye maadili makali, ambaye zamani alifanya kosa la ajabu: aliweka mtoto mchanga ndani ya mkoba na mswada wa riwaya ndani ya kigari cha mtoto. Kwa Oscar Wilde, mtunzi wake, hilo ni fumbo la kufungia tamthilia. Kwa Rutherford lilikuwa aibu ya miaka 28 iliyokaa kifuani mwa mtu. Itazame filamu ya 1952 iliyoongozwa na Anthony Asquith. Mkoba unapoletwa mbele yake, anaukagua alama moja baada ya nyingine, na uso wake unang'aa kwa kuupata tena mkoba wake mpendwa, kabla hajakumbuka kwamba pamoja na mkoba kuna mtoto aliyepotea. Ukumbi unacheka, yeye hachezi na mtu.

Jambo ambalo wachache wanalijua: mwaka 1947, Gielgud alipoipeleka tamthilia hiyo Amerika Kaskazini, Rutherford alicheza Lady Bracknell, bibi mkali wa tabaka la juu, ile nafasi ambayo mwigizaji Edith Evans aliifanya yake. Mwanamke mmoja, pande mbili za tamthilia moja, yule anayeogopwa na yule anayeogopa.

Madame Arcati alitoka wapi, na kwa nini watu bado wanamtaja?

Noël Coward aliandika *Blithe Spirit* mwaka 1941 kwa chini ya wiki mbili, London ikiwa imetoka kupigwa mabomu miezi na miezi. Ni hadithi ya mwandishi anayemwalika mwita mizimu nyumbani ili apate mambo ya kuandika, na mzimu wa mke wake wa kwanza unakuja kweli, mke wa pili akiwa mezani. Mwita mizimu huyo, Madame Arcati, anafika kwa baiskeli.

Rutherford alisita kuikubali nafasi hiyo. Sababu yake ndiyo inayonifanya nimpende: aliheshimu imani ya watu wanaosema na wafu, na hakutaka kuishiriki dhihaka juu yao. Alipokubali hatimaye, alimcheza Arcati kama mtaalamu. Hakumfanya tapeli wala mwendawazimu. Alimfanya mtu anayejua kazi yake, anayechoka nayo, anayeifurahia, anayekasirika mteja asipofuata maelekezo. Kabla ya kikao ananyoosha viungo na kuvuta pumzi kama mchezaji wa timu ya shule kabla ya mechi. Mzimu unapothibitika kuwa umekuja, anashangilia kama mtu aliyefaulu mtihani aliorudia mara nyingi.

Sasa fikiria waliokuwa wamekaa ukumbini. Ni mwaka 1941. Wengi wamefiwa nyumbani kwao, au wana mtoto aliye vitani. Mzaha juu ya wafu ungeweza kuwaumiza. Kwa kuwa Arcati wake aliwachukulia wafu kwa uzito wote, waliofiwa waliweza kucheka bila kuhisi kwamba wanawasaliti watu wao. Tamthilia ilionyeshwa mara 1,997, rekodi ya West End kwa tamthilia isiyo ya muziki, na ilidumu hadi *The Mousetrap* ilipoipita mwaka 1957. Wengine walichukua nafasi kadiri miaka ilivyokwenda, lakini David Lean alipoigeuza kuwa filamu mwaka 1945, Arcati alikuwa Rutherford. Kila anayeicheza nafasi hiyo hadi leo analazimika kuamua amfuate au amkwepe.

Kwa hiyo alikuwa mchekeshaji?

Watu walimcheka sana, lakini mchekeshaji ni mtu anayejua wapi kicheko kilipo na anakiendea. Rutherford alikiendea kitu kingine. Anapokuwa Profesa Hatton-Jones katika *Passport to Pimlico* ya 1949, kazi yake ni kuthibitisha kwamba hati ya kale iliyofukuliwa inaonyesha mtaa huo wa London ni mali ya Burgundy. Mwigizaji mwingine angemfanya msomi wa kuchekesha, miwani ikidondoka. Yeye anatetemeka kwa furaha ya msomi aliyesubiri karatasi hiyo maisha yake yote. Unacheka kwa sababu unamwamini.

Hata mwili wake ulifanya kazi hiyo. Mhakiki Kenneth Tynan aliwahi kuandika kwamba Rutherford aliweza kuigiza kwa kidevu peke yake, na ukimtazama kwa makini utaona ni kweli: kidevu kinapanda akiudhika, kinatikisika akifikiri, kinatangulia kabla ya miguu akiamua. Nafasi aliyoipata kwa sababu ya umbo lake aliijaza kwa akili. Waliomwajiri kwa ajili ya mashavu walijikuta na mtu kamili.

Mfano mwingine ni Miss Whitchurch wa *The Happiest Days of Your Life*. Alimcheza jukwaani mwaka 1948, kisha kwenye filamu ya 1950 akiwa na Alastair Sim. Kwa kosa la karani wa wizara, shule ya wasichana inapelekwa kwenye majengo ya shule ya wavulana, na walimu wakuu wawili wanagombea nyumba moja. Aliyewahi kusoma shule ya bweni yenye mwalimu mkuu wa kike wa enzi zile atamtambua mara moja: anaingia chumbani na chumba kinajipanga.

Aliwahi kucheza nafasi za huzuni au za kutisha?

Ndiyo, na ni sehemu ya kazi yake inayosahaulika. Mwaka 1940 alikuwa Mrs Danvers katika *Rebecca* jukwaani, Queen's Theatre, yule mtunza nyumba baridi anayemsukuma mke mpya kuelekea kifo. Maonyesho hayo yalikatishwa mwezi Septemba mwaka huo, bomu lilipoliangukia jengo lenyewe.

Miaka 25 baadaye Orson Welles alimwita Hispania kwa *Chimes at Midnight*, filamu aliyoishona kutoka tamthilia za Shakespeare kuhusu Falstaff, mzee mnene mpenda anasa. Rutherford ni Mistress Quickly, mwenye kilabu cha pombe. Karibu na mwisho anaeleza Falstaff alivyokata roho: alivyokuwa akichezea maua, alivyotabasamu akitazama ncha za vidole vyake, alivyomwomba amfunike miguu kwa nguo zaidi, na yeye alivyoingiza mkono akaigusa miguu ikawa baridi kama jiwe. Hapigi kelele. Anasimulia kama jirani anavyosimulia kwenye mkeka wa msiba, kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio ndiyo kitu pekee kilichobaki kushikilia. Kama ningeambiwa nichague dakika moja tu ya kazi yake yote ihifadhiwe, ningechagua hiyo, na Miss Marple angenisamehe.

Filamu za Miss Marple ni ngapi?

Ni nne, zote zikiongozwa na George Pollock kwa kampuni ya MGM: *Murder, She Said* (1961), *Murder at the Gallop* (1963), *Murder Most Foul* (1964) na *Murder Ahoy!* (1964). Ya kwanza pekee ndiyo iliyotoka kwenye kitabu cha Miss Marple. Ya pili na ya tatu zilichukuliwa kutoka vitabu vya Hercule Poirot, mpelelezi mwingine kabisa, na ya nne ilitungwa moja kwa moja kwa ajili ya filamu. Baadaye alionekana kwa sekunde chache kwenye filamu ya Poirot, *The Alphabet Murders*.

Mwanzoni hakuitaka kazi hii, kwa kuwa aliona habari za mauaji ni uchafu. Ukijua yaliyomkuta baba yake na babu yake huhitaji kuelezwa zaidi. Alikubali alipomwona Miss Marple kama mtu anayepigania haki. Alivaa nguo zake mwenyewe mbele ya kamera, na akiwa na umri wa karibu miaka sabini alicheza dansi ya twist na kupigana kwa upanga.

Agatha Christie alimpenda au alimchukia?

Mambo mawili yanachanganywa hapa. Christie hakuzipenda zile filamu, na kwa haki: Miss Marple wa vitabuni ni mwembamba, mpole, anakaa pembeni akifuma huku masikio yako wazi, wakati huyu wa filamu anaingia kama upepo wa kusi. Lakini Rutherford mwenyewe, Christie alimheshimu. Kitabu chake cha 1962, *The Mirror Crack'd from Side to Side*, kimetabarukiwa kwa Margaret Rutherford.

Kwenye *Murder, She Said* yumo pia Joan Hickson, kwenye nafasi ndogo ya mfanyakazi wa nyumbani. Zaidi ya miaka ishirini baadaye Hickson alikuwa Miss Marple wa BBC, na wengi wanasema ndiye aliyefanana zaidi na wa vitabuni. Nakubaliana nao. Hilo halimpunguzii Rutherford chochote. Alimuumba mtu mwingine akampa jina lile lile.

Mr Stringer wa kwenye filamu hizo ni nani?

Ni mume wake, Stringer Davis. Kwenye vitabu hayumo. Mhusika huyo, mtunza maktaba mwoga anayemfuata Miss Marple kila mahali, aliwekwa ili wawili hao wafanye kazi pamoja. Walikutana Oxford mwaka 1930 wakiwa kwenye kikundi kimoja cha maigizo. Walioana mwezi Machi 1945, miaka 15 baadaye, Margaret akiwa na 52. Davis alikuwa mdogo kwake kwa miaka saba. Filamu nyingi za Rutherford utamkuta mahali fulani nyuma, mhudumu au karani au mpita njia. Watu wengine waliliona hilo kuwa jambo la kuchekesha. Mimi naona mwanamume aliyejua mke wake anabeba nini moyoni, akahakikisha hayuko mbali.

Tuzo ya Oscar aliipata kwa filamu gani?

*The V.I.P.s* ya 1963. Ukungu umefunga uwanja wa ndege wa Heathrow na abiria matajiri wamekwama. Mabango yalikuwa ya Elizabeth Taylor na Richard Burton. Rutherford ni Duchess wa Brighton, mwanamke wa ukoo mkubwa asiye na senti, anayekwenda Florida kufanya kazi hotelini ili nyumba ya mababu isiuzwe, na anaogopa ndege kiasi cha kumeza vidonge kupita kiasi. Alipata Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, na Golden Globe pia. Alikuwa na miaka 71. Malkia alimpa nishani ya OBE mwaka 1961, na mwaka 1967 akapata cheo cha heshima cha Dame.

Miaka yake ya mwisho ilikuwaje?

Mwaka 1966 alianza kucheza Mrs Malaprop katika *The Rivals* pamoja na Ralph Richardson. Mrs Malaprop ndiye yule anayekosea maneno. Ni uchungu kufikiri kwamba ndiyo nafasi iliyomkuta wakati kumbukumbu zake zenyewe zilipoanza kumponyoka. Alilazimika kuiacha. Ulikuwa ugonjwa wa Alzheimer. Davis alimuuguza hadi mwisho, huko Buckinghamshire, na yeye mwenyewe alifariki mwaka uliofuata, 1973. Wamezikwa Gerrards Cross. Kwenye jiwe la Margaret yameandikwa maneno *A Blithe Spirit*.

Nianze na filamu ipi?

Kama una jioni moja, *Blithe Spirit* ya 1945. Kama una watoto nyumbani, *Murder, She Said*. Hadithi inaanza na mauaji yanayoonekana kupitia dirisha la treni, na kuanzia hapo hawatakuruhusu usimamishe. *The Smallest Show on Earth* ya 1957 ni ya wanaopenda sinema zenyewe: Rutherford, Peter Sellers na Bernard Miles ni wafanyakazi wazee wa jumba bovu la sinema, na kuna usiku wanajionyeshea wenyewe filamu ya kimya huku yeye akipiga piano gizani, kama alivyoipiga zamani jumba likiwa na watu. Anayeitazama ajue kwamba mpiga piano yule alikuwa mwalimu wa piano kweli.

*Chimes at Midnight* iache ya mwisho.